Wasichana Wawili, Nafasi Moja

Nilikwenda Campbelltown, kitongoji cha Sydney, Jumamosi ile kumtazama msichana mwingine kabisa. Alikuwa mchezeshaji wa timu ya Merrylands, yaani yule anayeupandisha mpira na kuamua uende kwa nani, na kwa mwaka mzima nilikuwa nimemfuata ukumbi baada ya ukumbi, chupa yangu ya chai mkobani. Siku za kazi mimi ni mtaalamu wa viungo hospitalini: nawasimamisha tena waliovunjika nyonga, nawafundisha wazee kupanda ngazi upya. Lakini ujanani nilicheza mpira wa kikapu Nairobi, na hapa Sydney goti la Mmarekani mmoja aliyekuja kuchezea timu ya hapa liliwahi kupita mikononi mwangu. Goti likapona, urafiki ukabaki. Baadaye alirudi kwao, akawa mkubwa wa kutafuta wachezaji katika timu moja ya wanawake ya kulipwa, akaniomba niwe jicho lake upande huu wa dunia.

Kule Marekani timu huchagua vijana wapya siku moja kwa mwaka, kwa zamu, timu moja mchezaji mmoja, mpaka zamu ziishe. Aliyechaguliwa ni wa timu hiyo. Akitaka kucheza katika ligi ile, atacheza kwao. Wenyewe huiita drafti. Kwetu drafti ni mchezo wa vizibo vya soda juu ya ubao, na mama yangu, nilipomweleza kwa simu, aliuliza kama ni kweli watu wazima wananilipa kwa kazi hiyo.

Msichana wa Merrylands nilikuwa nimeshammaliza, au nilidhani hivyo. Sikuwahi kumwona akipoteza mpira kwa uzembe. Hakuwa na mbio za ajabu wala urefu, na ukimtazama mara ya kwanza huoni kitu. Ukirudi na kurudi tena ndipo unagundua kwamba wenzake wote wanacheza vizuri kuliko walivyo. Baba yake, Mlebanoni mwenye duka la mikate, alikaa kila mechi safu ya juu kabisa, mikono kifuani, na hakusema neno mpaka filimbi ya mwisho. Binti alikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia Mmarekani yule, sasa bosi wangu, kwamba huyu atakupa alichokupa jana, na kesho atakupa hicho hicho.

Katikati ya mechi timu ya Campbelltown ikaingiza msichana mmoja mrefu, mwembamba, kaptura imempwaya kiunoni. Alikimbia kama mtu anayevuka chumba chenye giza bila kujua meza iko wapi. Alipewa mpira ukamponyoka, akapewa tena ukagonga goti lake mwenyewe ukatoka nje. Watu wachache wakacheka, si kwa ubaya. Kisha mshambuliaji wa Merrylands akampita, naye katika kugeuka akateleza, akaanguka kwa kiganja na goti.

Kwa mazoea ya kazi yangu, macho yangu yalibaki kwa aliyeanguka. Nilitaka kujua kama goti limeumia. Ndiyo sababu niliona yote.

Aliinuka kwa namna ambayo hadi leo siwezi kuieleza kitaalamu. Binadamu akianguka hukusanya miguu kwanza, hutafuta mizani, kisha ndipo hukimbia. Huyu aliinuka akiwa tayari anakimbia. Akapiga hatua chache ndefu, akaruka kutoka mbali, mbali mno, nikasema moyoni huyu anaruka bure. Mpira ulikuwa umeshaondoka mkononi mwa mshambuliaji, unapanda kuelekea kikapuni. Akaufikia huko juu. Wengine huupiga kofi ukaruka kwa mashabiki. Yeye aliuchukua tu, kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama unavyochukua kikombe rafuni. Akatua nao, akasimama ameukumbatia, akitazama huku na huku, asijue sasa afanye nini nao.

Refa alikuwa na filimbi mdomoni. Hakuipuliza. Aliitoa mdomoni akaitazama, kana kwamba filimbi ingemweleza kama jambo lile linaruhusiwa. Nimeshika miili ya watu maisha yangu yote. Najua mfupa unafika wapi na msuli unachoka wapi. Nilichoona hakikumo katika ninachojua.

Baada ya mechi nilimwendea. Nilimsalimu kwa Kiingereza, kisha nikasikia mwenzake akimwita kwa Kiswahili cha Kongo, nikabadili lugha. Alinielewa vizuri lakini akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu wote wa huku.

"Ule mpira uliuchukuaje?" nikamuuliza.

Alifikiri kwa dhati, kama mwanafunzi anayetaka kujibu swali sawasawa. "Nilikuwa nimechelewa," akasema. "Ndiyo maana."

Kumbe alikuwa na miaka miwili tu tangu aanze kucheza. Kabla ya hapo alikuwa akiimba kwaya, na kocha wa shule alimwona akibadilisha balbu ya ukumbi bila ngazi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, niliwatembelea wazazi wake. Nyumba yao ilikuwa ya serikali, ya matofali, mlango wake mfupi kwa binti yule. Niligundua kwamba huinama kila mlangoni, hata milango ambayo haihitaji. Mama yake ni mtu wa Uvira kule Kongo, anafanya kazi katika nyumba ya wazee. Baba alikuwa kazini, bohari haijui Jumapili.

"Bwana asifiwe," nikabisha.

"Amina. Karibu, mama. Ingia, ikala hapa." Akaniwekea chai kabla sijasema nilichojia. "Hii mutoto alianza kurefuka tukiwa kule ku kambi. Miye nilifikiri ni ugonjwa. Nikamupeleka kwa munganga, munganga akacheka."

Nilimweleza kazi yangu. Nilimweleza siku ya uteuzi, zamu za timu, na jinsi vijana wa Australia wakitimiza umri majina yao huweza kuingia. Alisikiliza akikunja nguo za ibada moja moja.

"Sasa bale batu ba Amerika," akasema mwisho, "bakimuchagua, yeye iko na haki ya kukataa?"

"Anaweza kukataa kwenda. Lakini hawezi kusema nataka timu ile nyingine."

"Njo vile banafanya na batu?"

"Ndivyo wanavyofanya na wachezaji, mama."

Akatikisa kichwa. Binti alikuwa jikoni, anasikia kila neno. Mama akapandisha sauti kidogo. "Na wewe unataka?"

"Nataka kujifunza kucheza kwanza," jibu likaja kwa Kiingereza. Mama akanitazama kama anayesema, umesikia mwenyewe.

Mwaka ule timu ya rafiki yangu ilikuwa imebakiwa na nafasi moja tu, na ya nyuma nyuma. Nilipompelekea picha za video za wasichana wote wawili, akasema atapanda ndege. Alikuja mwishoni mwa kiangazi. Nilimpokea uwanja wa ndege nikaona goti lake bado linamsumbua akishuka ngazi, nikamkemea pale pale kwa kuacha mazoezi niliyomfundisha.

Njiani kuelekea Campbelltown alinieleza hali yake bila kuficha. "Nikimchukua mchezeshaji, nalala usingizi. Nafasi hii ikitupa mtu wa kukaa benchi akaingia bila kuharibu, wakubwa wangu watashukuru. Nikimchukua yule mrefu akashindwa, wataniuliza kwa nini nilichagua mtoto asiyejua kudunda mpira."

"Na akifaulu?"

"Akifaulu watasema bahati."

Siku hiyo timu hizi mbili zilikutana tena. Ningependa kusema msichana mrefu aling'ara. Hakung'ara. Alicheza vibaya kiasi cha kuumiza macho. Alisukuma watu bila kukusudia, akakosa mitupo ya adhabu mmoja baada ya mwingine, akampa mpira mpinzani aliyevaa jezi ya rangi tofauti kabisa na yake. Kabla mechi haijaisha alikuwa ametolewa kwa wingi wa faulo, akaenda kukaa mwisho wa benchi, taulo kichwani. Upande wa pili msichana wa Merrylands alikuwa kama fundi cherehani: kila mshono mahali pake. Kuna wakati alimsogeza mwenzake kwa kiwiko, kidogo tu, akamweka hatua moja kushoto, na sekunde chache baadaye mpira ukaja hasa pale. Bosi wangu aliona hilo, akatabasamu.

"Basi," akasema. "Nadhani tumemaliza." Akatoka nje kupiga simu.

Mimi nilibaki kukusanya vitu vyangu. Ukumbi ulikuwa unatoka watu. Msichana mrefu alivua taulo, akaenda hadi upande wa pili wa uwanja alikokuwa mchezeshaji akifungua viatu, akasimama mbele yake akiwa ameinama kidogo, kama ilivyokuwa desturi yake hata palipokuwa hakuna mlango.

"Samahani," akasema. "Ile uliyoifanya, ya kusimama ghafla. Unaifanyaje?"

Nilijua anaulizia ipi. Ilikuwa mbinu ya pekee ya msichana wa Merrylands: anaingia kwa kasi, anakanyaga kama anayetaka kuruka, lakini haruki, anayemkaba anaruka peke yake, hapo yeye anazunguka juu ya mguu wa kushoto na kuuachia mpira upande wa pili wa kikapu, laini. Nilikuwa nimeiona ikizidi kuwa safi mwaka ule mzima, mechi baada ya mechi.

Mchezeshaji hakusita. Akafunga viatu tena. Akaifanya mara moja kwa mwendo wa kawaida, mara moja polepole, akieleza uzito wa mwili uwe wapi. Kisha akampa mpira.

Msichana mrefu akaenda mbali, akageuka, akaja. Aliifanya. Kosa halikuwepo. Akaokota mpira akarudi, akaifanya tena, sasa kwa kuzunguka upande wa kulia, upande ambao hakuonyeshwa na mtu. Halafu akaifanya mara ya tatu, na safari hii baada ya kuzunguka akaruka kutoka pale pale aliposimama, wima, bila kukimbia, akauweka mpira kikapuni kwa mkono kutoka juu kama anayetupa barua ndani ya sanduku. Alikuwa ni mtu yule yule aliyekuwa akijikwaa dakika chache kabla. Kelele za watu, filimbi, jezi, yote yalikuwa yamemkoroga. Sasa palikuwa kimya na kulikuwa na jambo moja tu la kujua, naye alilijua.

Msichana wa Merrylands aliketi chini. Aliketi pale pale sakafuni, miguu mbele. Nilidhani ameumia nikasogea.

"Mimi ilinichukua miaka mitatu," akaniambia, bila kumwondolea macho mwenzake. Sauti yake haikuwa na wivu. Nimewahi kusikia sauti ile kwa watu walioletewa mtoto mchanga mikononi. "Unafanya kazi ya kutafuta wachezaji, sivyo? Baba aliniambia ni wewe yule wa kila wiki."

"Ndiyo."

"Ningekuwa wewe, ningemchukua yeye."

Alikuwa na umri wa mwanangu wa kwanza, ameamka alfajiri miaka yote ile, baba yake akimpeleka mazoezini kabla hajafungua duka, na alikuwa ananiambia hivyo akijua hasa anachoniambia. Nilitazama huyu aliyeketi na yule aliyekuwa anafuata mpira uliobingirika hadi ukutani. Sikujua ni yupi nimstaajabie zaidi.

Jumatatu asubuhi tulikunywa kahawa mjini, karibu na stesheni kuu, kabla bosi wangu hajaelekea uwanja wa ndege. Watu walikuwa wakimiminika kuelekea ofisini. Nikamsimulia niliyoyaona ukumbini, moja baada ya lingine, pamoja na maneno ya mchezeshaji.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo unasema tumchague mrefu."

"Nasema hivyo. Mchague umwache hapa hapa Sydney akue. Hawezi kwenda timu nyingine ya kule."

"Uliona wewe," akasema. "Mimi nilikuwa nje kwenye simu. Niliyoyaona mimi ni faulo. Siwezi kusimama mbele ya wakubwa wangu nikasema nimemchagua mtu kwa jambo nililosimuliwa."

"Kwetu kuna methali," nikamwambia, nikijua haitanisaidia. "Usiache mbachao kwa msala upitao. Usitupe mkeka wako mchakavu kwa sababu umeona wa wengine unapita ukimeremeta."

"Hiyo methali iko upande wangu."

"Najua. Lakini huyu hapiti. Huyu ndiyo kwanza amefika."

Akacheka, akanishika mkono, akanishukuru kwa ukweli. Tulipoagana alikuwa bado hajasema atafanya nini, lakini nilimjua. Wala sikumlaumu. Kwani mchezeshaji alikuwa na kosa gani? Nilikuwa nimemsifia mwenyewe mwaka mzima.

Jioni ya Marekani ni asubuhi yetu. Siku ya uteuzi niliomba ruhusa kazini, nikaenda Campbelltown, maana mama wa yule mrefu alikuwa ameniambia, "Uje, mama. Kama ni furaha, tufurahi pamoja. Kama ni ingine, usiniache peke yangu na hii televizyo." Sebuleni walikuwepo akina mama wa kwaya, na baba mtu akiwa na fulana ya kazi ya rangi ya machungwa, tayari kwa zamu. Binti alikaa chini kwenye zulia, magoti yamefika kidevuni.

Majina yakaitwa. Wasichana wa vyuo vya kule walipanda jukwaani na magauni yanayong'aa, wakakumbatiwa. Akina mama wa kwaya walipigia makofi kila mmoja, wakisema huyu kapendeza, huyu analia, masikini. Zamu ya kwanza ikaisha. Ikaja ya pili. Kisha nikaona rangi za timu ya rafiki yangu kwenye kioo.

Walimtaja msichana wa Merrylands.

Kabla sijajua uso wangu ukae vipi, binti alikuwa amesimama anapiga makofi. Alikuwa wa kwanza. Akachukua simu yake, na kwa kelele za sebule nikamsikia akisema kwa Kiingereza, "Umeona? Umeona? Mwambie baba yako." Nikagundua kwamba wawili hawa walikuwa wamepeana namba siku ile, na kwamba tangu hapo walikuwa wakifanya mazoezi pamoja siku za wiki, yule wa Merrylands akisafiri kwa treni safari ndefu ya kuja na kurudi. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tukaendelea kukaa. Majina yaliendelea, yakawa ya watu wa mbali zaidi, jukwaa halina tena wa kupanda, na hatimaye mtangazaji akashukuru akaaga. Jina la binti yule halikutajwa.

Baba mtu alisimama, akaweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, kichwa ambacho hata akiwa ameketi kilikuwa juu, akauacha hapo muda. Kisha akachukua funguo zake akaenda kazini.

"Bon," mama akasema. "Tukule."

Tukala wali, sombe, yaani kisamvu, na samaki. Nikawaeleza kile ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza: asiyeitwa hafungwi na timu yoyote, na akija kuhitajika baadaye, ni yeye atakayesema aende wapi. Mama alinisikiliza kwa adabu. Nadhani alifikiri namfariji. Binti alisema ana kipindi chuoni mchana, anasomea malezi ya watoto, akavaa begi akainama mlangoni akaondoka.

Miaka miwili iliyofuata niliishi na macho mawili yanayotazama pande mbili.

Msichana wa Merrylands alikaa benchi msimu wake wa kwanza karibu wote. Rafiki yangu alikuwa akinipigia akisema kijana ni mzuri, hana shida, na nilisikia katika sauti yake kwamba ameanza kumsahau. Halafu mchezeshaji wao mkuu akaumia, na wa pili akaumia, ikabidi aingie. Nilitazama mechi ile nikipaka siagi mkate wa asubuhi, nikasahau mkate. Aliingia katikati ya wanawake wenye majina makubwa waliokuwa wameanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, akaanza kuwasogeza. Kwa kiwiko. Hatua moja kushoto, hatua moja kulia. Mmoja wao, mchezaji wa kuogopwa, alimgeukia kwa hasira, kisha mpira ukamfikia mkononi pale aliposogezwa, akafunga, akarudi akimnyooshea kidole binti yule wa duka la mikate. Timu ilitulia kama mtoto aliyepakatwa. Rafiki yangu alinipigia baadaye.

"Nilimchukua kwa sababu sikutaka kukosea," akasema. "Sikujua nimechukua nini."

Nami, niliyemtazama mwaka mzima na chupa yangu ya chai, sikujua vilevile. Nilikuwa nimemwita wa uhakika, kama mtu anavyosema maji ni maji.

Yule mrefu alichukuliwa na timu ya kulipwa ya hapa mjini, kwanza kama mtu wa kujaza mazoezi tu. Waliniomba niangalie magoti yake, maana alikuwa anatua vibaya. Mwili unaoruka hivyo hulipia wakati wa kushuka. Tulianzia juu ya kibao kifupi kama stuli. Ruka, tua, nyamaza. Nilikuwa nikimwambia nataka kutosikia kitu miguu ikigusa sakafu. Wazee wangu wa hospitali huchukua wiki kujifunza kuamini mguu mmoja. Yeye alinisikia asubuhi, na alasiri alikuwa akitua kama paka. Lakini mchezo wenyewe, zile kelele na rangi na watu kumi wanaokwenda huku na huku, huo ulimchukua muda. Msimu wa kwanza alicheza dakika za kuokoteza. Kuna siku alinipigia simu akilia akasema anataka kurudi kwaya. Nikamwambia kwaya haikatazi. Akarudi kwaya, na mpira hakuacha.

Msimu wa pili jambo likafunguka ndani yake. Siwezi kusema siku. Nilijua tu kwamba watu walianza kuja mapema kumtazama akipasha misuli moto, na kwamba watoto wa Merrylands, wa Blacktown, wa Liverpool ya huku, walikuwa wakiinama kwenye kamba kumgusa mkono. Simu kutoka Marekani zikaanza. Alizijibu kwa upole, akawaambia atafikiri, na kweli alifikiri.

Ligi ya huku huchezwa wakati ile ya kule imepumzika, kwa hiyo kiangazi kile msichana wa Merrylands alirudi nyumbani akasaini timu ile ile. Ndivyo nilivyokuja kuwaona wawili hawa wamevaa jezi moja. Mechi ya kwanza nyumbani mama mtu alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mwanawe akicheza kwa macho yake. Zamu za Jumamosi zilikuwa zimemnyima siku zote hizo, hadi alipobadilishana na mwenzake kazini. Alivaa kitenge cha sherehe, akakaa kando yangu, mkoba magotini, kama aliye kanisani.

Robo ya kwanza hakusema kitu. Robo ya pili mchezeshaji aliupandisha mpira polepole, akatazama kulia, akawafanya watu wote watazame kulia, na bila kugeuza kichwa akaurusha mpira juu upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilisikia mashabiki wakiguna. Ilionekana kama kosa, kosa lake la kwanza tangu nimjue. Mpira ulipanda, ukafika mwisho wa kupanda kwake, na katika ile nukta kabla haujaanza kushuka, binti alikuwepo. Hakuonekana akija. Alikuwepo tu, huko juu, mkono wa kushoto umefunguka, na akawa kama amepewa muda ambao sisi wengine hatuna, akauingiza mpira kikapuni, akashuka. Miguu ikagusa sakafu. Katika makelele yale nisingeweza kusikia kitu, lakini najua haikutoa sauti.

Watu walisimama wote. Mama alibaki ameketi, kiganja mdomoni. Nikainama kuona kama analia. Halii. Alikuwa anatazama uwanjani kwa macho makubwa, na hamtazami mwanawe, anamtazama yule mfupi aliyekuwa ameshageuka kurudi kukaba.

"Ule alijua namna gani kama atafika?" akaniuliza.

Hata mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo.

Tulirudi kwa treni, sisi watatu, mechi ilipokwisha. Binti alikaa karibu na dirisha, miguu imejaa njia yote, abiria wakiiruka na kuomba radhi wao. Alikula chipsi, akamkabidhi mama yake karatasi, akavua viatu. Mama alitoa mkobani soksi kavu, akainama akamvisha, mguu mmoja baada ya mwingine, kama anavyowavisha wazee kazini kwake.

"Ulikuwa juu sana," akamwambia kwa sauti ya chini.

"Si sana," binti akajibu kwa Kiingereza, akafumba macho.

Kufika stesheni ya Glenfield alikuwa usingizini, mdomo wazi. Mama hakumwondolea macho. Nilishuka Minto, nikawaaga kwa mkono kutoka jukwaani, wala hakuniona.